Raha Niletee, Kitanda Toa

Bwera, 6 Mei 2025

Kwa watu wa ofisi ya safari za mulima, Kasese.

Mimi naitwa Loyi, mama wa Evas. Sikusoma. Anayeandika ni Rehemah, jirani yangu mwenye duka la vitenge hapa Bwera. Nimemuambia aandike kama ninavyosema, asinipambe. Akimaliza ananisomea, na akibadilisha neno nampiga mukono.

Evas ni kitinda mimba wangu, anafanya kazi Hima. Mwezi uliopita aliniuliza, mama, umefika miaka sabini na moja, unataka nikufanyie nini? Alidhani nitasema mabati. Nikamuambia nataka kupanda mulima, ile njia wanayopita wazungu. Akacheka. Akaona sicheki. Akasema basi utaenda kwa raha. Malipo mumalizane naye, mimi munipangie safari.

Theluji sina haja nayo. Nimezaliwa Mahango, naiona tangu utoto, iko pale juu, haijawahi kunisalimia. Nataka kufika kambi ya kwanza, halafu mbele kidogo, kwenye mwamba mukubwa ambapo zamani wapagazi walikuwa wanajikinga mvua. Hapo tu.

Simu musinipigie. Kwenye simu masikio yangu yanasikia nyuki. Barua mumupe Faruk, dereva wa taksi ya Bwera, anajua mulango wangu.

Raha yote munayowapa wageni, nami nipeni. Mupishi, chai ya tangawizi, maji ya moto. Kitanda toa.

Nasikia mwenye ofisi ni Musitafa aliyekuwa na pikapu ya bluu. Musalimie.

Loyi
(kidole gumba changu hiki hapa)


Kasese, 10 Mei 2025

Mpendwa Mteja,

Ofisi yetu inakushukuru kwa kutuchagua. Tumekuandalia Safari ya Raha ya siku nne. Utapokelewa getini na kiongozi wako, na kutoka hapo hutabeba chochote. Ukichoka, kipo kiti cha kubebwa na watu wanne. Kambini utakuta hema refu la kusimama ndani, mpishi, maji ya moto asubuhi na jioni, choo cha kukaa, chupa ya mpira ya maji ya moto ya kupasha miguu, na kitanda chenye godoro la inchi sita. Wageni wetu husema wamelala mlimani vizuri kuliko nyumbani.

Bibi Loyi, hayo ya juu ndiyo tunayowaandikia wote. Haya ya chini ni yangu. Mimi ni Munirah, binti wa Musitafa, ndiye ninayepanga safari. Barua yako nimeisoma mara mbili nikicheka peke yangu. Pale uliposema kitanda kitolewe, nadhani ulimaanisha kwamba utakuja na chako. Usijisumbue. Chetu kinapandishwa na wapagazi.

Munirah


Bwera, 14 Mei 2025

Munirah mwanangu,

Rehemah aliposoma "Mpendwa Mteja" nikamuuliza, huyo ni nani, barua yake imepotea ikaja kwangu? Sisi Bakonzo bibi tunamuita mukaka. Niite hivyo, tumalize.

Sasa sikiliza. Kiti hicho cha watu wanne sikitaki. Kila mupagazi iko na mama yake mahali, anapika, anaangalia njia. Sitakaa juu ya mabega ya mutoto wa mwenzangu. Nitatembea. Nikichoka nitakaa kwenye jiwe, mulima haukimbii. Hicho choo cha kukaa, kaeni ninyi. Na hiyo chupa ya mupira, nilale nimekumbatia mupira, nimekuwa golikipa? Chai ya tangawizi niliomba, hukuiandika. Iandike.

Kitanda nilisema toa. Sikusema nakuja na changu. Toa kitanda, toa na godoro, la inchi sita na la inchi moja. Nitalala chini, juu ya majani makavu ya mugomba. Huko juu migomba haioti, kwa hiyo majani nitakuja nayo kwenye gunia.

Halafu wewe umeandika raha yangu ukurasa muzima, wapagazi hukuwaandika hata jina. Beko wangapi? Wanalala wapi? Viatu wanavyo? Kila mumoja ana koti la mvua? Niambie majina yao na majina ya mama zao. Mama akiwa hai, andika yuko hai.

Baba yako umemusalimia?

Loyi


Kasese, 20 Mei 2025

Mukaka Loyi,

Samahani kwa tangawizi. Nimeiandika ya kwanza kabisa, juu ya hema.

Wapagazi wako ni sita. Wanalala kwenye kibanda cha mbao kando ya kambi, na viatu wanavyo. Makoti niliyakagua jana kwa sababu yako. Mawili yalikuwa yamechanika makwapani, nimeyabadilisha. Nilipowauliza majina ya mama zao walinitazama kama ninayetafuta mchumba, kisha wote wakaanza kusema kwa pamoja. Karatasi yao nimeifunga ndani ya barua hii. Wanne mama zao wako hai.

Sasa kitanda. Kama ni mgongo unauma, tuna godoro gumu. Kama unamhurumia atakayelibeba, godoro lenyewe halifiki kilo tano. Mukaka, ardhi ya kule ukiikanyaga inatoa maji, na baridi yake inapanda hadi kwenye mifupa. Siwezi kumlaza mtu wa umri wako chini. Niambie shida ni nini, nami nitatafuta njia.

Baba anakusalimu. Nilipomtajia jina lako alisema watu wengi walipita kwenye ile pikapu, hakukumbuki vizuri.

Fomu ya getini ina mahali pa kuandika sababu ya safari. Niandike nini?

Munirah


Bwera, 25 Mei 2025

Munirah,

Sababu andika kutembea.

Mugongo wangu muzima. Unanitisha na baridi, lakini baridi ni ya watu wanaosikia. Upande wangu wa kushoto, kuanzia nyonga kwenda chini, una ganzi miaka mingi, na huku kwingine kunafuata polepole. Siumwi. Usinihurumie. Nakula, nauza samaki wa chumvi sokoni Mpondwe, nagombana na Wakongomani juu ya mizani, narudi nyumbani, nalala. Kesho yake hivyo hivyo.

Hao mama wanne walio hai, kila mumoja nitamuletea samaki. Na hao vijana wawili wasio na mama, nitawakaripia mimi njiani, wasisahau inavyokuwa.

Baba yako hanikumbuki. Sawa. Muulize kama anakumbuka chai aliyokunywa Mahango, amekaa mulangoni kwangu, viatu viko mukononi.

Loyi

Dada Munirah, kuanzia hapa ni mimi Rehemah mwandishi, na haya sitamsomea. Umeuliza shida ni nini. Mimi nimeingia chumbani kwake. Kitanda anacho, kizuri, Evas alimnunulia. Juu yake amepanga ndizi na magunia ya maharage. Yeye analala chini.

Alikuwa na mtoto wa kwanza, Tsongo, mpagazi wa mlimani. Alikufa huko mwaka 1996, ana miaka ishirini na moja. Kwao mtu akifa, mama yake analala sakafuni juu ya majani ya mgomba. Siku za msiba zikitimia, yule aliyechimba kaburi ananawa mikono mbele ya wafiwa na kuwaambia wainuke. Hapo ndipo majani yanatupwa na mama anarudi kitandani. Sasa habari ilikuja kwamba Tsongo amezikwa mlimani, chini ya mwamba, kwa mawe. Waliomzika hawakuja kunawa mikono. Hakuna aliyemwambia Mukaka Loyi ainuke. Hajainuka.

Mwaka jana kaa la moto lilimwangukia pajani tukiwa tunaongea. Mimi ndiye niliyesikia harufu. Yeye aliendelea kuongea.

Habari ya kaburi, nasikia, ililetwa na mtu wa pikapu ya bluu.

Rehemah


Kasese, 3 Juni 2025

Mukaka Loyi,

Shikamoo. Nasikitika kukuarifu kwamba mvua za wiki hii zimeharibu njia mbele ya kambi ya kwanza, na kwa usalama wako nashauri tubadilishe mpango. Chini ya mlima kuna nyumba ya wageni yenye baraza pana. Utakaa hapo siku nne, utapikiwa, utaona vilele vyote asubuhi kabla ya mawingu, na kuna darubini. Wazee wengi wanapapenda. Kule kwenye mwamba sidhani kama kuna kitu cha kuona.

Baba anakusalimu. Hajisikii vizuri siku hizi.

Munirah


Bwera, 6 Juni 2025

Munirah,

Barua yako imenuka.

Njia imeharibika lini? Juzi Faruk alileta abiria wawili waliotoka huko huko, viatu vina matope mapya, hawakusema habari ya njia. Miaka ishirini naketi Mpondwe, namujua mutu anayefunika samaki mubaya kwa muzuri. Wewe hukuzoea kufunika. Umeanza na shikamoo, hujawahi kuniamkia hivyo.

Tena najua umepata wapi habari. Sikusoma, lakini kuhesabu mistari najua. Barua yangu ya mwisho ilikuwa fupi, Rehemah akaandika mupaka nyuma ya karatasi. Nilinyamaza nione itarudi na nini. Sasa andika, Rehemah: mimi Rehemah nina mudomo. Ameandika. Sijakasirika naye, ameniletea mandazi.

Kama umeshajua habari ya Tsongo, basi hakuna wa kudanganyana. Unasema kule kwenye mwamba hakuna kitu cha kuona. Nani amekuambia? Maneno hayo si yako, ni ya baba yako. Muambie aandike yeye. Asiponiandikia nitapanda taksi ya Faruk, nije nikae mulangoni kwenu na gunia langu la majani, wateja wenu wapite juu yangu.

Loyi


Kasese, 15 Juni 2025

Mama Tsongo,

Assalamu alaikum. Nakukumbuka. Nilimdanganya binti yangu niliposema sikukumbuki.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kazi yangu ilikuwa kungoja getini na pikapu niwarudishe wageni mjini. Siku ile walishuka wageni, akashuka kiongozi, wakashuka wapagazi sita badala ya saba. Masereka, aliyekuwa mkubwa wa wapagazi, alikuwa amebeba mizigo miwili. Akaniambia kijito cha mbele ya kambi kilijaa ghafla, na Tsongo alikuwa katikati. Mzigo wake ulikuwa kitanda cha kukunja cha mgeni mmoja. Kamba ilikuwa imepita kwenye paji la uso kama mnavyobeba. Hakuwahi kuivua. Walitafuta siku mbili. Kitanda kilipatikana. Yeye hakupatikana.

Wakanituma mimi kwako kwa sababu nilikuwa na gari, na kwa sababu sikuwa mtu wenu. Gari lilikwama, nikapanda Mahango kwa miguu, viatu mkononi. Ulikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Kabla sijafungua kinywa uliniuliza, "Wamemulaza wapi?"

Nilitafuta jibu la kukupa. Nikasema, chini ya mwamba mkubwa. Nikasema wamepanga mawe, uso wake umeelekea nyumbani, amevaa koti lake. Kila nilichosema ulikuwa unatikisa kichwa, basi nikaongeza. Ukanipa chai.

Sikujua desturi yenu. Miaka kumi baadaye dereva mwenzangu, Mkonzo, alizama Ziwa George, na hakuonekana. Nikaenda msibani nikaona ndugu zake wanakata shina la mgomba, wanalivika shati lake, wanalizika. Nikauliza, nikaambiwa mtu asiyepatikana anazikwa hivyo, na aliyechimba ananawa mikono, msiba unakwisha. Nikauliza, na kama imeshasemwa kwamba kaburi lipo? Wakasema basi haiwezekani, mtu hazikwi mara mbili.

Siku hiyo nilijua nilichokufanyia. Ningekuja. Sikuja. Nilikuwa na ofisi tayari, na jina. Nilijiambia labda umeshakufa.

Hakuna mawe, Mama Tsongo. Hakuna kaburi. Lilikuwa neno langu tu.

Musitafa


Bwera, 19 Juni 2025

Musitafa,

Barua yako nimemuambia Rehemah aisome mara tatu. Nilikuwa nangoja nisikie kitu. Rehemah amelia, amelowesha karatasi. Mimi nilienda kugeuza samaki juani.

Nilijua hakuna mawe. Ulisema amevaa koti lake. Koti lake lilikuwa ndani, nyuma yako, limetundikwa kwenye musumari. Aliliacha asubuhi ile, akasema mama jua linawaka, linaongeza muzigo. Ulipomaliza chai ukaenda, nikaingia nikalishika. Nikawaambia wazee, huyu kijana hakuona kitu, koti ni hili hapa, tukateni mugomba. Wakasema mama mwenye musiba anahesabu makoti. Mwenye pikapu alitoka huko, amesema kaburi liko, basi liko. Neno lako lilikuwa na uzito kuliko koti.

Kwa hiyo sikutaka safari ili nione kaburi. Nilitaka nifike pale na watu wa ofisi yako wenyewe, waangalie chini ya mwamba, waone hakuna, warudi waseme. Neno la Loyi halikutosha, nikasema nitafute la watu wa Musitafa. Evas hajui. Anadhani mama yake ameanza utoto wa uzee, anataka kuona maua.

Unauliza kama nimekasirika. Hukuuliza, lakini iko ndani ya barua. Nilikasirika zamani, ikaisha, kama inavyoisha chumvi kwenye samaki aliyeloweka sana. Lakini nikuambie kitu. Chai ile ulikunywa yote, mupaka majani ya chini. Mutu ambaye hana moyo angeacha nusu.

Jana nilipeleka barua yako Mahango. Katika wale wazee amebaki mumoja, iko kitandani, haoni. Rehemah akamusomea. Akasema, "Kumbe koti." Basi. Akasema mugomba ukatwe nyuma ya nyumba Tsongo alikozaliwa.

Safari bado iko. Tsongo hatazikwa Mahango, atazikwa pale maji yalimuchukua. Wewe utakuja. Nasikia muguu wako una sukari. Tutaenda polepole. Utabeba jembe.

Loyi


Kasese, 28 Juni 2025

Mukaka,

Tunaondoka tarehe 14 Julai. Faruk atakuchukua asubuhi, wewe na mgomba.

Mzee Masereka nimempata. Anachunga mbuzi karibu na geti, macho yake yana ukungu, lakini nilipomtajia kijito alinionyesha kwa fimbo mahali kilipo, bila kugeuza uso. Anasema atatutangulia. Hakutaka kusikia habari ya ujira.

Baba ameagiza viatu. Tangu akuandikie anakula.

Kwenye orodha ya mizigo kuna hema, sufuria mbili, mchele, tangawizi, gunia la majani makavu, shina la mgomba moja. Wapagazi wamekubaliana kulipokezana. Kiti nimetoa. Kitanda nimetoa. Kwenye fomu, pale pa sababu ya safari, nimefuta "kutembea" na kuandika "mazishi".

Munirah


Bwera, 22 Julai 2025

Evas mwanangu,

Nimerudi. Lhukonzo, lugha yetu, Rehemah hawezi kuiandika, kwa hiyo soma Kiswahili. Uliuliza kwa Faruk kama nimeona maua. Nimeyaona. Kaa chini sasa, nikuambie nilienda kufanya nini, maana ulilipa na hukujua.

Nilikuwa naenda kumuzika kaka yako. Habari ya mawe uliyokua ukiisikia haikuwa kweli. Barua ya Musitafa iko kwangu, utaisoma ukija. Usimuchukie. Alikuwa kijana.

Getini afande aliuona mugomba, umevikwa lile koti, umefungwa kwa kamba. Akapiga kelele, "Wewe mama! Hii nini? Mimea haingii! Fungua!" Nikamuambia, afande, huyu ni Tsongo, mutoto wangu wa kwanza, alipita hapa akienda juu, nakuomba apite tena. Akasoma fomu ya Munirah. Akaangalia koti. Akavua kofia, akasema kwa sauti ndogo, "Pita, mama. Pita nao."

Tulitembea siku mbili njia ya siku moja. Musitafa alikuwa anasimama kila mara na muguu wake, na mimi nasimama kumungoja, na mulima haukukimbia. Wale vijana wawili wasio na mama niliwakaripia vizuri. Mumoja alitema mate karibu na sufuria, nikamupiga kofi la mugongo, akafurahi, akatema tena ili nimupige.

Kijito ni kidogo, Evas. Nilidhani nitaona maji makubwa. Kina cha goti. Masereka akasema kinakuwa hivyo mupaka mvua inyeshe juu. Alisimama pale kwa macho yake yale akasema, hapa, kamba ilikuwa hapa kwenye paji la uso, nilimuona. Nikaangalia. Sikusikia kitu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia, nikaona jiwe, nikaona maji, nikaona kiatu cha Munirah kimefunguka kamba.

Musitafa alichimba. Wapagazi walitaka kumusaidia, akakataa, akachimba kwa kupiga magoti kwa sababu ya muguu. Akasema maneno ya dini yake polepole, Masereka akasema ya kwetu. Tukamulaza, koti juu. Halafu Musitafa akanawa mikono kwenye kijito kile kile, akasimama mbele yangu maji yakimudondoka, anaangalia mikono yake. Masereka akamuambia, sema. Akasema, "Mama Tsongo, inuka."

Nilikuwa nimesimama tayari. Nikakaa chini ili niinuke.

Tuliporudi kambini nikatafuta gunia langu la majani. Sikuliona. Munirah alikuwa amelitupa motoni, na ndani ya hema ameweka godoro, la inchi sita. Nikamufokea, nilisema toa! Mutoto wa nani amelibeba hili? Akageuka akanionyesha mabega. Mekundu, yamechubuka. Siku mbili nilimuona nyuma kabisa na furushi limefunikwa turubai, nikadhani ni nguo zake za kimjini. Akasema, "Wa Musitafa, Mukaka. Mutoto wa Musitafa ndiye amelibeba."

Nikalala juu yake. Ni laini vibaya. Nilidhani naanguka, nikashika ukingo.

Asubuhi niliamka, na nyonga yangu ya kushoto ilikuwa inauma. Ile ya ganzi, Evas, upande ule uliounguzwa na kaa sikujua. Ilianza kama sindano, ikashuka mupaka kwenye vidole, nikashindwa kukaa, nikashindwa kugeuka. Nikapiga kelele. Wapagazi wakaja mbio, mupishi akaja na kijiko mukononi. Munirah akanishika kichwa, akaniuliza, "Mukaka, inauma?"

Nikamuambia ndiyo. Inauma. Nikalisema tena. Lile neno sikuwa nimelisema tangu ukiwa mugongoni kwangu.

Jumamosi uje na nguvu. Ndizi nimezitoa mwenyewe kitandani. Magunia ya maharage ni mazito.

Mama yako,
Loyi